Jina Analoitikia

Kliniki ya Mifugo, Mapokezi
Tarehe 4 Machi

Mzee wangu muuza maji,

Salamu kwa heshima. Daktari amenituma nikuandikie kwa sababu hapa kwetu maelekezo yote kwa mteja hutolewa kwa maandishi. Sera hiyo ilikuja baada ya mteja mmoja kuapa kwamba aliambiwa ampake ng'ombe dawa aliyotakiwa kumnywesha.

Gego la chini la punda wako limeoza. Ndiyo maana anatema vidonge vya nyasi na amebaki mifupa. Litang'olewa akiwa amelala kwa dawa. Ila kuna kitu hukukijaza kwenye fomu, nacho ni jina la mgonjwa. Uliandika "punda". Siku ile ulipomleta, uani palikuwa na wengine kadhaa, na wote ni punda.

Usione tunakusumbua. Kwa sera yetu, mnyama mkubwa aliyelala kwa dawa huamshwa kwa jina analoitikia, tena na mtu wa nyumbani ambaye anaijua sauti yake. Akizinduka peke yake katikati ya wageni, anaruka kabla miguu haijapata nguvu, na mguu wa punda ukivunjika hakuna wa kuuunga. Bila jina, daktari hashiki sindano.

Tafadhali jibu upesi. Njaa haina subira.

Karani wa Mapokezi


Mtaa wa juu
Tarehe 5 Machi

Karani,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya dumu, kwa sababu mkokoteni hauna wa kuuvuta na sasa punda ni mimi. Maji ya mtaa mzima yanapita mgongoni kwangu.

Jina la nini? Huyu ni punda, si mtoto wa shule. Kazi yake kuvuta, kazi yangu kumlisha. Nikimtaka nasema "Wewe!" naye anageuka. Andika hilo tumalize.

Kama halimtoshi daktari wako, andika Simba. Au andika Mkurugenzi. Chagua lolote, punda hasomi.

Lakini fanyeni haraka. Jana nilimlowekea pumba, akaweka mdomo, akautoa, akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Muuza maji


Kliniki ya Mifugo, Mapokezi
Tarehe 7 Machi

Mzee wangu,

Jana ulipomleta kusafishwa kinywa, daktari aliyajaribu majina yako kama sera inavyotaka. Anasimama upande ambao mgonjwa haoni, anaita, kisha anaangalia masikio.

Kwa "Simba", mgonjwa aliendelea kutafuna kamba. Kwa "Mkurugenzi", aliyegeuka ni yule mteja aliyekuja na mbuzi. Kwa "Wewe", tuligeuka wote: punda wa watu, mbuzi, mwenye mbuzi, na mimi mwenyewe dirishani. Daktari amelikataa. Anasema hilo si jina, ni kelele.

Sasa nina swali, na unisamehe. Mama yangu husema nilitoka tumboni nikiuliza. Ulipokuwa unamfungua kamba ulimwambia chini chini, "Angekuwepo yule, ungekula." Yule ni nani? Na yeye humwitaje?

Karani wa Mapokezi


Mtaa wa juu
Tarehe 8 Machi

Salamu. Mimi mzima, na natumaini huko kwa shemeji ninyi nyote ni wazima.

Uliondoka ukasema unakwenda kumsaidia wifi yako mpaka mtoto akaze shingo. Nadhani shingo hiyo sasa ni ya fahali. Lakini sikuandikii kwa hilo.

Punda ana jino bovu, hali. Kliniki wanataka jina lake, la sivyo hawamgusi. Mimi sina. Nimekumbuka kwamba kila alfajiri ulikuwa unamwendea bandani, unamwinamia sikioni, unamwambia kitu, naye ananyanyua kichwa hata kabla sijafika na hatamu. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni mambo yenu tu. Unamwitaje? Andika neno hilo moja, hata kwenye kipande cha karatasi ya sukari.

Halafu, chumvi unaiweka wapi? Nimetafuta nimechoka.

Mumeo


Kwa kaka
Tarehe 14 Machi

Kwa mume wangu,

Mtoto anakaa sasa, na anamchekea kila mtu. Chumvi iko kwenye kopo la majani ya chai, na majani ya chai yako kwenye kopo la chumvi. Ndivyo ilivyo tangu tuhamie nyumba hiyo.

Nimesikitika kuhusu punda. Pumba mlowekee kwa maji ya uvuguvugu, jino bovu linachukia baridi. Ukimshika taya, shika upande wa kulia.

Kuhusu jina, hilo ni letu mimi na yeye. Ukilitaka, muulize mwenyewe. Mmefanya kazi pamoja muda mrefu, hamkosi la kuzungumza.

Mkeo


Kliniki ya Mifugo, Mapokezi
Tarehe 17 Machi

Mama,

Hunijui. Mimi ni binti wa mapokezi, karani wa kliniki anakotibiwa punda wenu. Anwani yako nimeipata kwenye barua yako, ambayo mzee aliipiga juu ya meza yangu akisema, "Soma! Eti nimuulize punda!" Kisha akatoka uani akakaa kwenye ndoo, akamuuliza kweli. Nilimwona kwa dirisha. Alimuuliza kwa upole kabisa, akawa anangoja jibu. Wateja wengine walijifanya hawaoni.

Mama, nakuandikia kwa sababu jino limeanza kutunga usaha, na daktari anasema mwisho wa mwezi tukiwa bado tunatafuta jina, hatutakuwa na mgonjwa. Kwa sera yetu, kila aliyeishi na mnyama ni mteja, kwa hiyo wewe ni mteja wetu sawa na mzee. Na anachotuambia mteja mmoja hakipelekwi kwa mwingine bila ruhusa yake, hata kama wanakula sahani moja. Ukitaka kuniambia mimi tu, litabaki kwangu.

La pili si la kliniki, ni la kwangu. Kwa nini jina la punda liwe siri kwa mwenye punda? Nimeliwaza mpaka nimekosea kupanga miadi ya kuku wa watu.

Karani wa Mapokezi


Kwa kaka
Tarehe 22 Machi

Binti yangu wa mapokezi,

Umeniita Mama. Nilirudia kuusoma mstari huo. Hapa naitwa shangazi na wifi, na huko mtaani nilikuwa mke wa muuza maji. Mama sijaitwa sana, maana sikujaliwa mtoto. Nimelipokea kwa mikono miwili.

Na hapo ndipo penye jibu lako. Watu wakioana huitana kwa majina yao kwa muda, akija mtoto wa kwanza wanahamia kwenye Mama Fulani na Baba Fulani. Mume wangu aliacha kuniita jina langu mapema mno. Aliona haya kumwita mke kama anamwita mdogo wake. Akasema tusiwe na haraka, mtoto akija jina litapatikana. Mtoto hakuja, nami nikabaki "wewe". Wewe, leta maji. Wewe, umelala? Usimfikirie vibaya, si mtu mbaya. Hajanyanyua mkono wake kwangu, na tukipata nyama kipande kizuri ananisogezea mimi. Ila nilikuwa wewe asubuhi na wewe jioni, mpaka siku moja sokoni mtu akaita jina langu na mimi nikaendelea na safari.

Kisha akanunua punda. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni akaita, "Wewe!" Nikageuka mimi jikoni, na punda akageuka bandani. Tukatazamana. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alipokwenda kutafuta madumu yake, nilimsogelea yule punda, nikamwinamia sikioni, nikamwita Mwenzangu.

Hilo ndilo jina lake. Analiitikia kwa masikio yote mawili.

Sasa shika na la pili, na hili usilitoe. Sirudi. Mtoto wa kaka alikuwa kisingizio. Nimekuja na cherehani yangu, dada yangu mkubwa amenitafutia chumba kwenye mji wake, na mwezi ujao nahamia. Nilitaka mume wangu aone mwenyewe kwamba nyumba imepungua mtu. Mpaka sasa ameona kopo la chumvi.

Jina la punda mpe, sitaki mnyama wa watu afe kwa ugomvi wangu. Lakini usimpe kwa karatasi. Mpe siku yenyewe, hapo uani, alitamke kwa kinywa chake watu wakisikia.

Mama


Mtaa wa juu
Tarehe 24 Machi

Karani,

Nakuandikia kuuliza kama wiki hii mtamng'oa jino au hamng'oi. Nampa pumba za uvuguvugu, anakula kidogo upande mmoja. Taya namshika kulia, kama nilivyoelekezwa.

Vilevile, nasikia umemwandikia mama wa nyumba yangu. Amekujibu? Amesema anarudi lini? Nauliza tu. Nimetoboa dirisha ukutani, pale alipokuwa anakaa na cherehani, kwa sababu kila siku alilalamika anashona gizani. Saruji haijakauka bado, nisingependa aje vumbi likiwepo. Cherehani yenyewe alikwenda nayo kumshonea mtoto. Mtoto huyo atakuwa na nguo kuliko watoto wote wa ukoo.

Ukuta ulikuwa mgumu. Sijui kwa nini sikuutoboa zamani.

Muuza maji


Kliniki ya Mifugo, Mapokezi
Tarehe 25 Machi

Mzee wangu,

Mlete punda Alhamisi asubuhi, asile kitu usiku wa kuamkia siku hiyo. Jina limepatikana. Mwenye jina ameruhusu nikuambie hapa uani kwa mdomo, siyo kwa barua, na wewe ndiye utakayemwamsha mgonjwa.

Ndiyo, amenijibu. Mengine aliyoandika siruhusiwi kuyasema, kwa sababu naye ni mteja. Unajua hapa anayeuliza maswali ni mimi, na wewe ndiye unayenikwepa. Leo umeuliza wewe, na mimi ndiye nimefungwa mdomo. Nimeumia, mzee.

Nitasema hili tu, na hata hili daktari asilione. Swali la mama anarudi lini si la kumuuliza karani.

Karani wa Mapokezi


Mtaa wa juu
Tarehe 28 Machi

Nimechana karatasi kadhaa kwa sababu ya mstari wa kwanza. Kila barua huanza kwa kumtaja anayeandikiwa, na mimi sijui nikutajeje. Nimeuacha wazi.

Jino limetoka. Ni kubwa, lina mizizi kama muhogo, na linanuka. Daktari alinionyesha akifurahi kama amelizaa yeye.

Punda alilala uani, ulimi nje. Nilidhani amekufa, wakaniambia nitulie. Karani akaja akaniambia lile jina. Nikamwambia siwezi, watu wamejaa. Akasema ni sera. Nikalisema kwa sauti ya chini, punda hakutikisika. Nikalisema tena, karibu na sikio, kama ulivyokuwa unafanya. Sikio la juu likasimama. Nikaendelea kuita, Mwenzangu, Mwenzangu, amka Mwenzangu, mpaka akakunja miguu, akakaa, akainuka taratibu wala hakuruka. Akaweka kichwa kizito kifuani kwangu na damu yake yote.

Wenye mbuzi walipiga makofi. Mimi nililia. Sijui kama waliniona.

Nilipokuwa naita ndipo nikaelewa kwa nini ulimpa yeye jina hilo. Lilikuwa neno langu la kukuambia wewe, nikalikalia. Tangu siku ile ya kwanza nilikuita kama nilivyomwita mnyama, na mnyama akapata jina kabla yako.

Karani hakuniambia lolote, ila alinyamaza vibaya. Nikarudi nyumbani nikatazama pale chini ya dirisha jipya. Mtu aliyekwenda kutembea habebi cherehani. Nimechelewa kuliona.

Ukiamua kukaa huko, sitakuja kupiga kelele mlangoni kwa shemeji. Naomba kimoja. Niambie unapenda kuitwa nani. Hata kama sitapata nafasi ya kukuita, nataka kujua.

Mumeo


Kwa kaka
Tarehe 4 Aprili

Kwa mume wangu,

Jina haliwekwi kwenye bahasha. Ukilisoma utalikariri, na kukariri si kuita.

Jumamosi napita hapo kwa basi la asubuhi, nahamia kwa dada. Basi husimama kituoni abiria wanyooshe miguu. Nitashuka, nitasimama kando ya duka la vipuri, nikitazama barabara inakoelekea. Niite. Nikigeuka, ndilo. Nisipogeuka, dereva akipiga honi nitapanda.

Usije na punda. Kidonda hakijapona.

Mkeo


Mtaa wa juu
Tarehe 10 Aprili

Binti yangu,

Nimepata karatasi yako ya maswali. Ni mengi kuliko ya hakimu. Nitakujibu lile kubwa, maana najua hutalala.

Nilishuka, nikasimama pale nilipoahidi, mgongo kwa kituo. Nilimtambua kwa mlio wa viatu vyake, anaburuta kimoja. Vikaja mpaka nyuma yangu, vikasimama. Nikangoja. Akakohoa. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua mzigo, kisha akaiachia. Muuza karanga akamwambia, "Mzee, sema tu, mama wa watu anapigwa na jua." Nikajiambia, hili limekwisha, hata kujaribu ameshindwa.

Dereva akapiga honi. Nikanyanyua mguu.

Ndipo akapita ubavuni kwangu. Akanizunguka, akashuka barabarani kabisa, akasimama mbele yangu uso kwa uso. Alikuwa amevaa shati la sherehe, limepigwa pasi upande mmoja tu. Lori likampigia kelele, hakulijali. Akasema, "Nilikuja na majina mengi. Nimeona yote nitakuwa nakuita mgongoni, na mgongoni nimekuita vya kutosha." Akafuta jasho. "Naomba kuuliza kama mgeni. Unaitwa nani?"

Binti yangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo akingoja jibu kwa macho yale. Nilimwambia. Lile lile nililopewa na mama yangu, maana sikuwahi kuwa na lingine. Akalisema taratibu, akanitazama kuona kama amekosea. Nikamwambia hajakosea. Akalisema tena. Sasa sikuweza kujizuia, nikalia palepale na muuza karanga akitazama.

Tulipokumbuka basi, lilikuwa limeshaondoka na cherehani yangu iko juu ya paa. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu alikuwa ametoka mbio kulifukuza, shati nje ya suruali, kiatu kimoja kimebaki njiani. Nikamwita asimame. Kwa vumbi na kelele zile hakunisikia. Nikaokota kiatu, nikamkimbilia.

Mama